Chini ya Vigae

Leo jioni, nikiwa nimebaki peke yangu maktabani kurudisha vitabu rafuni, mawazo yalinirudisha kwa Reinaldo Arenas, mwandishi wa riwaya na mshairi wa Cuba aliyehamia Marekani mwaka 1980, ambaye miswada yake imehifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Princeton.

Katika miaka ya 1960 Arenas aliajiriwa kwenye Maktaba ya Taifa mjini Havana. Hata hivyo, kati ya vitabu vyake vyote, nchi yake ilimchapishia kimoja tu, mwaka 1967. Vingine ilibidi vitoroshwe nje kwa siri, na jambo hilo lilikuwa miongoni mwa mashtaka yaliyomfikisha gerezani. Riwaya yake iitwayo Otra vez el mar (yaani, Bahari kwa Mara Nyingine) aliiandika mara tatu. Muswada wa kwanza ulipotelea mikononi mwa watu aliowaamini. Wa pili aliuficha chini ya vigae vya paa la nyumba ya shangazi yake, na alipotoka gerezani mwaka 1976 akaenda kuutafuta, hakukuta kitu. Akakaa akauandika upya, ukavushwa nje, ukachapishwa Barcelona mwaka 1982.

Huwa nasita ninapofika hapo, kwa sababu nusu ya pili ya kitabu hicho ni tungo sita ndefu, na sehemu kubwa ya tungo zenyewe ni huru, haina mizani wala vina vya kumshika mkono mtunzi aliyepotelewa.

Mimi nilipoteza daftari moja tu. Nilipokwenda chuo niliacha nyumbani kaunta-buku lililojaa mashairi, na kwetu karatasi iliyoandikwa pande zote mbili ni halali ya muuza karanga. Niliporudi likizo, daftari lilikwisha kukunjwa pakiti na kuuzwa mtaa mzima. Nilinunua karanga wiki nzima (nazo zilikuwa na chumvi kupita kiasi) hadi nikapata pakiti moja yenye mwandiko wangu: beti mbili na nusu, kituo cha ubeti wa tatu kikiwa kimelowa mafuta. Nilijaribu kulitunga upya shairi hilo. Vina vya kati na vya mwisho nilivikumbuka vyote, lakini maneno ya kuvitangulia hayakuja, na baada ya siku mbili nikaacha. Arenas aliirudia kazi nzima, tena akijua fika kwamba muswada huo wa tatu nao ungeweza kuchukuliwa.

Katika mkasa wake kuna jambo ambalo nadhani mkutubi hulisoma kwa jicho la peke yake. Alipokuwa anaondoka Cuba kupitia bandari ya Mariel, akihofia kwamba jina lake lilikuwa kwenye orodha ya waliozuiwa, alichukua kalamu akaigeuza e iliyo katika jina lake kuwa i, akapita kama Arinas. Sisi tunaoandika katalogi tunajua kwamba herufi moja ikikosewa, kitabu kinaweza kukaa rafuni miaka ishirini bila mtu kukiona. Pale Mariel aliitumia kasoro hiyohiyo kwa makusudi, na Princeton wamemrudishia e yake.

Ile pakiti ya karanga ninayo bado. Usiku huu nimeikunjua, nikaipiga pasi kwa kiganja, nikaitia kwenye jalada la kadibodi kutoka kazini. Mafuta yameanza kupenya hadi kwenye jalada.