Nilivyomwona Lupita Central Park bila kutoa senti

Shemeji yangu wa Bronx nusura anikoseshe. "Weka jina kwenye bahati nasibu ya tiketi, ile ya simu, ukikosa leo utapata kesho." Nikaweka, nikakosa. Nikaweka tena, nikakosa tena. Hiyo ni njia ya watu wasio na haraka. Mimi haraka nilikuwa nayo: ilikuwa Agosti 2025, *Twelfth Night*, tamthilia ya Shakespeare, ingekwisha katikati ya Septemba, na jukwaani walikuwa Lupita Nyong'o na mdogo wake wa damu, Junior, wakicheza mapacha waliopotezana baharini. Mwongozaji Saheem Ali, naye mzaliwa wa Kenya. Mkenya gani wa New York angekubali kuja kuhadithiwa?

Ilichezwa ukumbi wa Delacorte, ndani ya bustani ya Central Park. Ukumbi huo hauna paa, na tangu 1962 watu huingia bure. Bure hiyo ina jasho lake. Bustani hufunguliwa saa kumi na mbili asubuhi, lakini wazoefu huwa wameshajipanga nje gizani, na viti vya kukunja, blanketi, hata karata. Tiketi hugawiwa saa sita mchana, mbili kwa kila mtu, na kumshikia mwenzio nafasi ni marufuku. Nilijipanga. Baadaye mfanyakazi mmoja akafika nilipo, akatazama mbele, akatazama nyuma, akatuambia kwa upole mno kwamba kuanzia hapa tusitegemee sana. Heri angenifukuza!

Nikarudi nyumbani nikiwaza. Tiketi ambayo mtu hakuilipia haimuumi akiiacha. Na ukumbi hauna paa. Basi nikaacha kuchungulia bahati nasibu, nikawa nachungulia utabiri wa hali ya hewa! Siku mawingu yalipotanda, shemeji akinicheka, nikachukua koti la mvua la plastiki, la dola chache tu (ukishakaa hukunjui mwavuli, utawaziba wa nyuma), nikaenda jioni kwenye foleni ya akiba, ile ya kungojea viti vya wasiotokea. Waoga wa mvua walibaki kwao. Foleni fupi, viti tele! Na wale jamaa hawaahirishi onyesho kwa sababu ya mawingu. Husubiri mpaka mvua yenyewe iwashinde. Kabla ya saa mbili nimeketi, tena si mbali na jukwaa. Yakaja manyunyu, yakakata, na mwigizaji Peter Dinklage akatuvunja mbavu kwa Malvolio wake, mhusika mwenye majivuno.

Halafu Kiswahili kikasikika jukwaani, ndani ya Shakespeare, katikati ya Manhattan. Jirani yangu akanigeukia kwa macho ya kuuliza. Nikamfasiria kwa madaha, kana kwamba mimi ndiye niliyewafundisha akina Nyong'o.

Ukienda, shuka kituo cha 81st Street, treni B au C. Kula kabisa kabla. Na beba sweta, maana usiku pale kwenye miti kunapoa hata kiangazi.