Fundi wa alamu

Juzi nilikuwa Nyasaka, hapa Mwanza, nafunga kamera kwa mama mmoja, mume wake yuko safarini, geti wameliacha wazi nipitishe waya. Nikiwa juu ya ngazi mama akaniita, fundi mwanangu mi nakimbia Kirumba sokoni mara moja, watoto hao hapo wanaangalia katuni, chai ipo kwenye chupa. Akaondoka. Yani huyu mama amenijua tangu saa tatu asubuhi, na hapo alikuwa ashanionyesha kitasa cha mlango wa nyuma kilichokufa, dirisha lisilofunga na chumba wanacholala watoto, maana kamera nayo lazima ijue vitu hivyo.

Nikabaki juu ya ngazi namkumbuka Dennis Rader.

Kama humjui, ni Mmarekani wa Wichita, Kansas. Kuanzia 1974 hadi 1991 aliua watu 10. Wa kwanza walikuwa familia moja, Januari 1974, baba, mama na watoto wao wawili. Mwaka huohuo akapata kazi, na kazi yenyewe sasa: kufunga alamu majumbani! Aliifanya mpaka 1988. Fikiria mji mzima una hofu, watu wanajichanga waweke alamu kwa sababu kuna muuaji, halafu anayekuja na drili na boksi la waya ni yeye. Anapewa na maji ya kunywa. Mi kazi hii naijua, hakuna anayemuuliza fundi kwa nini anazunguka nyuma ya nyumba.

Na nyumbani kwake alikuwa mtu wa watu, ana mke na watoto wawili, analea vijana wa skauti, kanisani Walutheri wenzake wakamchagua mwenyekiti wa baraza la kanisa. 1985 alimuua mama aliyekuwa anakaa mtaa mmoja na yeye, usiku aliotoroka kambini alikokuwa na hao vijana wa skauti, na mwili akaupeleka kanisani kwanza. Baadaye akawa ofisa wa mji mdogo wa Park City, kazi yake kukamata mbwa wanaozurura na kuwaandikia watu faini nyasi zikirefuka. Wengi walimwona mkorofi wa sheria ndogondogo, basi, na sisi hao tunao wa kumwaga.

Kilichomponza ni sifa. Alikuwa anawaandikia polisi na magazeti barua, akakaa kimya miaka mingi, 2004 akaanza tena. Akawauliza polisi kabisa kama akituma ujumbe kwenye flopi, ile diski ya kompyuta za zamani, watamjua, waseme ukweli. Wakamjibu kwa tangazo gazetini kwamba haina shida. Akatuma! Ndani ya flopi kulikuwa na faili alilolifuta, wataalamu wakalifufua wakakuta jina Dennis na jina la kanisa. Vinasaba vya binti yake, vilivyokuwa vimehifadhiwa kutokana na kipimo alichowahi kufanya hospitali, vikamaliza kazi, akakamatwa Februari 2005. Na alilalamika kwamba polisi wamemdanganya, mtu aliyedanganya mke na waumini miaka 30. Alipewa vifungo 10 vya maisha.

Sasa sisi huku Usukumani tumeua vikongwe wangapi tukiwaita wachawi kwa sababu ya macho mekundu? Bibi yangu wa Kwimba ana macho mekundu. Amepikia kinyesi cha ng'ombe maisha yake yote maana kuni kule ni za kutafuta kwa tochi, ule moshi ukiinama mara moja tu kupuliza unatoka unalia, yeye kainama miaka sitini. Nilimpelekea jiko la gesi, ule mtungi mdogo, na sikumwambia sababu. Kaliweka chini ya kitanda kalifunika kanga, anasema ugali wa gesi haunuki kitu. Akipita kisimani kuna wamama wanavuta watoto wao pembeni, nimeshuhudia mwenyewe. Rader angefika kijijini kwetu na miwani yake na ile sauti ya mwenyekiti wa baraza si wangempa kiti, wangemchinjia na kuku?

Anyway, mama wa Nyasaka alirudi saa nane na sato wawili kwenye mfuko, mmoja wangu. Nikamwelekeza kitasa abadilishe leoleo na fundi mwingine achaguliwe na mumewe, akacheka akadhani natania. Akanipa namba ya dada yake wa Buswelu naye anataka kamera, anakaa peke yake.

"Nishamwambia asiwe na wasiwasi, sura yako tu inaonyesha we ni mtu mwema."

Nikasema asante mama, nikachukua sato wangu.