Tafakari ya Ijumaa: Kuridhiana na Kushauriana

Assalaam alaykum, ndugu zangu, hasa nyinyi mlio na wake.

Msimu wa korosho ndio huu. Kuanzia Tandahimba hadi Nachingwea mume na mke wanaokota pamoja, jua moja, migongo inawauma wote wawili. Jioni wakirudi, baba anakaa barazani, mama anabeba ndoo kufuata maji. Bado kuni, bado ugali wa muhogo, bado mtoto hajaogeshwa.

Bi Aisha (r.a.), mke wa Mtume, aliulizwa na mwanafunzi wake Al-Aswad: Mtume (s.a.w.) alikuwa akifanya nini nyumbani? Akajibu kuwa alikuwa akiwahudumia watu wake wa nyumbani, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali. Imo katika hadithi za Bukhari. Sisi tunaogopa kuonekana na ndoo, wasije wakasema tumelishwa limbwata! Basi waseme.

Ila inayonishughulisha zaidi wiki hii ni aya ya 233 ya Surat al-Baqara. Mwenyezi Mungu anataja kunyonyesha miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza, kisha anasema wazazi wakitaka kumwachisha mtoto ziwa kwa kuridhiana na kushauriana, si kosa juu yao. Tutulie hapo. Ziwa ni la mama, na bado baba anatakiwa kwenye shauri. Sasa atashauri nini mwanamume asiyejua mwanawe huamka mara ngapi usiku, uji anaumaliza au anautema, na kwenye kadi ya kliniki uzito umepanda au umeshuka? Mtoto hujulikana kwa kumwogesha, kumlisha na kumbeba anapolia. Najua huku kwetu mjomba ana sauti kubwa kwa watoto wa dada yake, lakini aya haikumtaja mjomba.

Uzazi wa mpango nao ni shauri la wawili. Wapo wake wanaochoma sindano kwa siri kwa kuwaogopa waume zao, na jambo hilo linaniuma. Jabir bin Abdillah (r.a.) amesimulia kwamba masahaba walikuwa wakifanya azl, yaani kumwaga nje, huku Qur'ani ikiteremka. Wanazuoni wengi wamejenga hapo ruhusa ya njia za muda zisizodhuru, kwa ridhaa ya wote wawili. Shirika la Afya Duniani nalo linashauri ipite angalau miezi 24 tangu kujifungua ndipo mimba nyingine itafutwe. Miaka miwili ile ile ya kunyonyesha.

Kwa hiyo, ndugu yangu, mkeo akienda kliniki safari hii, nenda naye. Usibaki nje chini ya mwembe, ingia. Muulize muuguzi habari za vidonge, sindano, vijiti na kitanzi, na maudhi yake kwa mwili wa mwenzako. Uliza na kondomu, maana hiyo unaivaa wewe. Na fedha ya mnada wa korosho ikiingia, kaeni wawili muipange kabla haijatoka.