Gogo Langu Lililokataa Kuzama

Niliambiwa kwamba kuandaa gogo la kuokota kwa ajili ya tangi la samaki ni kazi ya saa moja: lichemshe, lisuuze, litumbukize. Aliyenipa ushauri huo ni jirani ninayemheshimu sana katika mambo mengine yote. Gogo langu lilichukua wiki 9, na kila tunapokutana humkumbusha.

Nililiokota ukingoni mwa mto baada ya mafuriko kupungua, likiwa halina gamba, limelainishwa na mchanga, na lina matawi matatu yaliyojipinda kama pembe. Nililidunga kwa ncha ya bisibisi kila upande, kwa sababu mti unaopenyeka kirahisi umekwisha kuoza ndani na utachafua maji. Kitako peke yake ndicho kilichobonyea, nikakikata. Halikunuka utomvu, jambo lililonipa moyo, maana utomvu wa misonobari na jamaa zake hauwafai samaki. Kama lingetoka baharini, ningelazimika pia kuliloweka kwa majuma kadhaa nikibadilisha maji hadi chumvi iishe.

Kulisugua hakuna cha kusimulia, ila sabuni isikaribie kabisa, kwa kuwa mti huinywa kisha ukaitema polepole ndani ya tangi. Kwa sababu hiyohiyo sikumsikiliza aliyenishauri nitumie dawa ya kung'arishia nguo, wala yule wa tatu aliyetaka nilikaushe ndani ya oveni, kana kwamba nilikuwa natafuta kuni.

Katika kulichemsha, sufuria kubwa kuliko zote nyumbani ilimeza nusu yake tu. Nikachemsha upande mmoja kwa saa nzima, nikaligeuza, na sehemu iliyobaki nje nikaifunika kwa taulo kuukuu huku nikiimwagia maji ya moto kwa upawa. Maji yakawa mekundu kama chai iliyosahauliwa jikoni. Hiyo ni tanini ya mti. Haiwadhuru samaki walio wengi, huongeza tu asidi kidogo majini. Sufuria, kwa bahati mbaya, haikurudi tena katika rangi yake, na suala hilo halijafungwa rasmi nyumbani kwetu.

Nikaamini kazi imekwisha. Nikaliweka gogo ndani ya tangi, nikalikandamiza kwa jiwe zuri la mviringo, nikaenda kulala nikijisifu. Usiku wa manane nikasikia kishindo. Gogo lilikuwa limejigeuza, limelibwaga jiwe juu ya mimea niliyoipanda kwa miezi miwili, na sasa lilikuwa linachungulia juu ya maji kama kiboko. Kioo kilinusurika kwa upana wa vidole viwili. Mti mkavu umejaa hewa, na hewa hiyo haina adabu kwa mawe ya mviringo.

Ningeweza kuliambatisha kwenye bamba la jiwe kwa skrubu zisizoshika kutu, kama wengi wafanyavyo, lakini ukaidi ulikuwa umenishika. Nikalihamishia kwenye pipa la maji, na hapo ndipo nilipopata akili ninayojivunia hadi leo: kila Jumapili nilichora kwa penseli mstari mahali ambapo uso wa maji ulifika kwenye mti. Kadiri lilivyokunywa maji ndivyo lilivyodidimia, na mistari ikapanda juu kama alama za urefu wa mtoto mlangoni. Jumapili ya nne mstari haukusogea hata kidogo. Bila penseli nisingejua. Ningeendelea kusubiri tu. Nikalichemsha upya, na safari hii nikalitoa kwenye maji ya moto na kulitia moja kwa moja katika maji baridi, kwa kuwa hewa iliyotanuka ndani ya mti hunywea inapopoa na kuvuta maji mahali pake. Juma lililofuata mstari uliruka karibu upana wa kiganja. Jumapili ya saba nilifika na penseli yangu nikakuta hakuna cha kuchora: gogo lilikuwa chini kabisa ya pipa.

Siku nne baada ya kulirudisha kwenye tangi, lilivaa utando mweupe wenye utelezi, nami, kwa hofu ya kuua samaki, nililitoa nikalisugua, mara mbili, na mara zote mbili utando ukarudi. Ni vijidudu na ukungu vinavyokula sukari inayotoka kwenye mti, na havina madhara. Mara ya tatu nilichoka, nikauacha, na konokono wakaumaliza wao wenyewe katika wiki chache bila kuniomba msaada.

Samaki sasa hujificha chini ya tawi la kati. Mistari sita ya penseli bado inaonekana upande wa nyuma, nami sikuifuta.