Mwongozo wetu wa makaburi ya vita, na kwanini Kariakoo imo ndani

Kwa mnaouliza ile kazi ya mwongozo wa makaburi ya vita imefikia wapi, inaenda, tena inaenda vizuri, ila imechukua muda kuliko tulivyopanga kwasababu tulikwama kwenye jambo moja ambalo sasa hivi naliona ndo roho ya kitabu chenyewe, na nataka niliandike hapa kabla hatujapeleka kwa mchapaji.

Tuko wanne. Mi nipo Tanga, kuna mwalimu wa historia yupo Voi, kuna kijana wa Moshi kazi yake kutembeza wageni, na dada mmoja wa Dar ambaye ndo anachora ramani na kupanga kurasa. Hatujawahi kukaa meza moja wote wanne, kila kitu kinaenda kwa grupu la WhatsApp, picha za mawe, voisi ndefu, ubishi mpaka usiku wa manane. Lengo letu ni kwamba mtu wa kawaida, mwenye nauli ya basi na siku chache za likizo, aweze kuifuata ile Vita ya Kwanza ya Dunia, 1914 mpaka 1918, Mwingereza na Mjerumani walipopigana huku kwetu, kuanzia Voi, aende Maktau, Taveta, avuke mpaka pale Holili aingie Moshi, ateremke Tanga, amalizie Dar, na kila anaposimama asome kwa Kiswahili kilichotokea pale. Maandishi mengi kuhusu makaburi haya yameandikwa kwa ajili ya mjukuu wa Mwingereza au Kaburu anayekuja kumtafuta babu yake, na sina tatizo nae hata kidogo, babu ni babu, ila na sisi tunaopita mlangoni pale na bodaboda kila siku tuna la kwetu la kutafuta.

Tulianza na kurasa nyepesi. Taveta ilijiandika yenyewe. Tarehe 12 Februari 1916 wanajeshi wa Afrika Kusini, wengi wageni kabisa hapa kwetu, walipelekwa kukishambulia kilima cha Salaita wakidhani kazi itaisha asubuhi ile ile, wakakuta askari wa Mjerumani wamejichimbia na wanawasubiri, wakarudi mbio wameacha maiti. Mwezi uliofuata, Machi, vita ikahamia Latema na Reata, vile vilima viwili ambavyo njia inapita katikati yake. Wengi wa waliokufa siku hizo wamelala pale Taveta. Ukiingia tembea taratibu usome tarehe tu, achana na majina kwanza, nembo ya kikosi, namba, tarehe, unashangaa 12 Februari inajirudia, halafu Machi inaanza. Huhitaji mtu wa kukueleza, mawe yanakuhesabia mwenyewe. Maktau ni padogo, wamelala Wahindi waliopigania jeshi la Mwingereza, pembeni ya ile reli ya kijeshi iliyojengwa haraka kutoka Voi kwasababu kwenye ile nyika bila reli hakuna maji wala chakula.

Tanga nikaandika mimi, na hapo nilijiachia kidogo maana ni kwetu. Tarehe 2 Novemba 1914 meli za Mwingereza zimefika zimejaa wanajeshi kutoka India, mpaka tarehe 5 wameshapakia wanaondoka, wameshindwa na jeshi dogo kuliko lao, na bunduki na risasi walizoziacha ufukweni ndo zikaja kumsaidia Mjerumani. Habari ya nyuki waliowauma wanajeshi kwenye mapigano yale kila mtoto wa Tanga anaijua, ila uvumi kwamba Wajerumani waliwategea adui nyuki ulianza wakati ule ule wa vita na sio kweli, ilikuwa mizinga ya nyuki imetundikwa mitini, risasi zikaichokoza, na waliumwa wa pande zote. Kwenye makaburi ya Sakarani kuna Tom von Prince, yule afisa wa Kijerumani aliyeuawa tarehe 4 kwenye mapigano ya mjini, na uwanja huo huo wamo askari weusi waliokufa upande wake. Nawashauri wote mnaopita Tanga msiishie kwa von Prince.

Sasa hapo ndo mwalimu wa Voi akatuma voisi. Amesoma kurasa zote, amezipenda, halafu akauliza, "na wapagazi wako ukurasa gani?"

Hamna aliyejibu siku ile.

Maana hesabu yake inatisha. Huku kwetu mbung'o aliua farasi, nyumbu na ng'ombe wa mizigo, kwahiyo kila kitu cha jeshi kilipanda kichwani mwa mtu, risasi, unga, mahema, mpaka sanduku la vinywaji la afisa. Mzigo wa kama kilo 25, mwezi kwa mwezi, kutoka Kilimanjaro mpaka Rufiji mpaka kusini kabisa. Upande wa Mwingereza peke yake wapagazi wanakadiriwa kama milioni moja kwa vita nzima, wengine waliingia kwa mshahara, wengi walikamatwa tu vijijini. Hesabu ya serikali yenyewe ya waliokufa ni kama 95,000, na wanahistoria wengi wanaona ni ndogo. Na hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa kuhara damu, malaria, nimonia. Mtu kazoea ndizi au viazi anapewa unga wa mahindi uliosagwa ovyo, sufuria hazitoshi, kuni zimelowa, anakula nusu mbichi, tumbo linaharibika, na kesho yake mzigo uko pale pale unamsubiri. Upande wa Mjerumani mambo hayakuwa nafuu, huko wapagazi wengine hata kuandikwa hawakuandikwa.

Na mawe yao? Hayapo. Baada ya vita tume ya Uingereza iliyopewa kazi ya makaburi ilikuwa na kanuni yake nzuri sana, kwamba waliokufa wote watendewe sawa, jenerali na kuruta jiwe moja, ila ilipofika kwa Mwafrika kanuni ikaishia hapo, makaburi mengi ya wapagazi na askari yakaachwa yarudi pori, ikaonekana sanamu za mjini zinatosha. Sio maneno ya mtaani haya, tume yenyewe ilitoa ripoti mwaka 2021 ikaomba radhi, ikasema watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Kijana wa Moshi akabisha, na alikuwa na hoja. Akasema wageni wangu nawajua, mtu kalipa nauli, kapigwa jua, ukimshusha mahali hamna hata jiwe atasema nimetapeliwa. Mwongozo ni wa kuona vitu. Mi nikawa upande wake, mwalimu akakasirika, grupu likapoa.

Aliyetutoa hapo ni dada wa Dar, tena kwa kutumia makaburi yenye mawe kabisa, yale ya barabara ya Bagamoyo. Yale ya pale sehemu yake yalihamishwa mwaka 1968, makaburi 660 ya Vita ya Kwanza yalikuwa Ocean Road yakapisha ujenzi wa barabara. Sasa wakati wa kuhamisha, wale waliokuwa na alama zao mmoja mmoja walihamishwa kila mtu na lake. Ila kule Ocean Road sehemu za Waafrika Wakristo, Waislamu na wengine hazikuwa zimewekewa alama ya mtu mmoja mmoja, kwahiyo walizikwa upya kwa pamoja, kila kundi na ukuta wake. Dada akatuma picha mbili tu. Moja safu za mawe, kila jiwe na mtu wake. Nyingine ukuta. Akaandika chini, mgeni akisimama hapa katikati ataona mwenyewe kwa macho yake, hatuhitaji kumwambia aamini.

Ikawa imeisha. Tukakubaliana kila mahali pasipo na mawe papewe ukurasa sawa na penye mawe, urefu ule ule, ramani ile ile, vipengele vile vile: unafikaje, unasimama wapi, unamsalimia nani kabla hujatoa simu kupiga picha, nini kilitokea, na kipi hutakiona.

Ndo maana Kariakoo imo. Mwingereza alipoiteka Dar Septemba 1916 pale palikuwa na jengo la soko la Mjerumani, pakageuzwa kambi ya Carrier Corps, kile kikosi cha wapagazi wa Mwingereza, na jina la mtaa mnalijua limetoka wapi. Ukurasa unakuambia uende asubuhi magari ya mizigo yanaposhusha, usimame uangalie vijana wanavyobeba viroba, halafu uende kwa miguu mpaka sanamu ya Askari ya 1927, umuone na bunduki yake ameielekeza bandarini. Nairobi tumeweka vivyo hivyo, mtaa wa Kariokor kwanza, halafu sanamu ya Kenyatta Avenue ambapo mpagazi amesimamishwa pamoja na askari, na maandishi yake yanawataja wapagazi kama miguu na mikono ya jeshi. Soma maneno yale halafu uulize majina ya hiyo miguu na mikono yameandikwa wapi.

Kuna kampuni moja ilitaka kutulipia uchapaji wote kwa rangi, karatasi nzuri, sharti lao tutoe "kurasa tupu", yaani zile za mahali pasipo na mawe, tuongeze hoteli. Tulikataa, na safari hii hatukubishana hata dakika. Itatoka nyeusi na nyeupe basi.

Mwisho wa kitabu tumeongeza sehemu fupi ya mashujaa wetu wa baadaye, makaburi ya Naliendele kule Mtwara na ya Kaboya kule Muleba, na hapo Kaboya wamelala zaidi ya wanajeshi 600 wa vita ya Kagera. Huko omba ruhusa mapema, ni maeneo ya jeshi, sio pa kujiingilia tu na kamera. Mwalimu wa Voi alitaka sehemu hii ili msomaji aone kwamba tukiamua kuwazika watu wetu kwa majina tunaweza, na mi naunga mkono kwa asilimia zote.

Kilichobaki tunakihitaji kwenu. Kama kwenu kuna simulizi ya babu, kaka wa babu, yeyote aliyeondoka na "Kariakoo" au na Mjerumani asirudi, niandikie jina lake, kijiji, na aliyesimulia. Jina moja linatosha, hata kama ni la utani, hata kama mwaka haujulikani. Waliorudi pia tunawataka, na walichosimulia kuhusu chakula na njia. Waulizeni bibi na mashangazi, hao ndo wanakumbuka, wazee wa kiume wengi watakuambia habari za vita ya pili. Kurasa zinafungwa baada ya vuli, kijana wa Moshi akishapita tena Kahe kuhakikisha ile njia ya relini bado inapitika.