Chausiku, saidia fundi wangu wa juu ya dari

Mimi ni fundi umeme, naishi Chang'ombe hapa Dodoma, na nina kilo tisini na kitu. Hizo kilo ndizo zilizoanzisha yote haya. Mwaka juzi nilipanda juu ya dari ya nyumba moja kule Ipagala kupitisha waya wa taa ya barazani, nikakosa mbao, mguu ukatokea sebuleni. Jipsamu nililipa mwenyewe. Kazi ya elfu thelathini ikanila laki na ushee, na yule mama mwenye nyumba tukikutana sokoni Majengo hutazama juu kwanza ndipo anisalimie.

Wazo la kumtumia panya kupitisha waya sikuliota. Ufundi nilisomea Morogoro, na kule hakuna asiyejua habari za panya buku wanaofundishwa na shirika la APOPO pale Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kunusa mabomu yaliyotegwa ardhini na makohozi yenye kifua kikuu. Mmoja wao, Magawa, alipelekwa Kambodia, na mwaka 2020 akapewa medali ya dhahabu na shirika la Uingereza. Nikasema, kama wa Morogoro anavaa medali, wa Dodoma atashindwa kuvuta uzi mita sita?

Nikanunua majike wawili weupe kwa jamaa anayefuga wa maabara, elfu kumi na tano, au ishirini ukihesabu tundu. Majike, narudia. Ukichanganya na dume, baada ya wiki tatu na siku chache una ukoo. Na wawe wawili, maana panya wa peke yake husononeka. Nikawaita Chausiku na Mwajuma. Mama yangu wa Mvumi, ambaye kila mwaka panya humwachia makapi ghalani, alipowaona akili zilimruka. "Mwanangu, wanaokula mtama wetu wewe unawamenyea karanga?" Sikuwa na jibu. Nilikuwa namenya kweli.

Ushauri ukaanza kumiminika. Jirani yangu mfuga mbwa akaniambia, "Fundi, mnyama hufundishwa na njaa. Wanyime siku mbili." Sikufika hata hizo mbili. Siku ya pili asubuhi niliingiza kidole chenye harufu ya karanga, Chausiku akaona karanga. Alama ninayo mpaka leo na simlaumu. Wafundishe jioni, wakishaamka na kabla ya mlo wao mkubwa, basi. Mwingine akasema nimshike mkia. Ngozi ya mkia wa panya huchubuka ikatoka kama soksi, msijaribu. Seremala naye akanipa bure gunia la takataka za randa, wakapiga chafya wiki nzima na puani wakatoka majimaji mekundu nikadhani damu. Si damu, ni machozi yao yana rangi hiyo, ila ni dalili kwamba hawako sawa. Nikahamia magazeti yaliyochanwachanwa, chafya zikaisha.

Sasa kazi yenyewe. Panya anahitaji mlio mmoja unaomwambia "hapo hapo, umepatia", halafu chakula kifuate. Nilianza na kalamu ya kubonyeza. Binti yangu akikaa kufanya hesabu, tak tak tak tak, panya wanakimbia huku na huku wakidai malipo, hawapati, mwisho wakaacha kuijali. Nikapata dawa kwenye chupa ya jemu: kile kifuniko chenye kitufe cha katikati, ukikibonyeza kinalia tak moja nzito. Kwanza nililiza na kutoa kipande cha karanga, kama mara ishirini, bila kuwadai chochote.

Kisha nikaleta bomba la inchi nne, la mita mbili. Chausiku akachungulia, tak! karanga. Akachungulia tena, tak! Mimi nimekaa mdomoni pa bomba nimefurahi kama mtoto. Siku ya kumi na nne nikaita mashahidi, mke wangu na yule jirani wa mbwa. Chausiku akaingiza kichwa, akakitoa, akanigeukia akinyoosha mkono. Akarudia mara saba. Jirani akasema, "Anajua kubisha hodi." Wiki mbili nilikuwa nimemfundisha, tena kwa ustadi mkubwa, asipite ndani ya bomba! Karanga ilikuwa kwangu, na mimi nilikuwa upande aliotoka. Angepita aende wapi?

Nilikata bomba, nikabaki na kipande cha urefu wa shubiri, nikahamia upande wa pili, na hapo pembeni nikaweka tundu lenye Mwajuma. Huo ujanja wa Mwajuma ni wangu, hakuna aliyenifundisha. Macho ya panya weupe ni dhaifu, ila pua inajua ndugu yake yuko wapi. Alipita mara ya kwanza. Nikaongeza shubiri baada ya shubiri mpaka mita sita na kona mbili.

Mkanda wa kifuani niliushona kwa lastiki. Wa kwanza aliutafuna, wa pili aliutafuna. Wa tatu nikafunga fundo mgongoni katikati ya mabega, meno hayafiki. Anavuta uzi wa cherehani tu. Uzi unavuta kamba, kamba inavuta waya.

Kazi ya kwanza ilikuwa Nkuhungu, saa moja asubuhi, kwa sababu mchana chini ya bati ni tanuri na panya hatoki jasho. Nilimuuliza mwenye nyumba kama juu kumewekwa dawa ya panya. Akasema hapana, mbona nauliza. Nikafungua kiboksi. "Fundi! Jana tu nimemfukuza mwenye kipaza sauti wa dawa ya panya, leo unaniletea mwenyewe?" Umeme nikauzima, Chausiku akaingia tundu la chumbani, mimi nikaenda sebuleni na Mwajuma na kifuniko changu. Tak. Kimya. Tak. Dakika tano, kumi. Mwenye nyumba ananitazama kama mwizi. Kisha kucha zikasikika kwenye jipsamu, pua ikatokea tundu la taa, uzi uko mgongoni na tandabui imemjaa sharubu. Nilimpa zabibu kavu nzima, jambo ambalo mke wangu hulipata kwa nadra.

Tangu hapo amefanya nyumba tisa. Sasa amenenepa, na kwa kuwa panya huishi miaka miwili mpaka mitatu, simpi tena kazi za mbali. Wiki iliyopita yule mama wa Ipagala amenipigia simu, anataka taa ya uani.

"Ila fundi," akasema, "apande huyo mdogo. Wewe ubaki nje."