Bibi kachemsha meno

Leo asubuhi, Kariakoo, bibi mmoja kafungua leso: meno ya bandia ya juu, yamepinda kama ganda la chungwa lililoanikwa juani.

Kumbe kayachemsha. "Nilitaka yatakate, mwanangu."

Plastiki ile ikikutana na maji ya moto hupinda na hairudi. Hapo ni kutengeneza mengine tu.

Kuyaosha: sabuni ya maji ya kuoshea vyombo, tone moja, mswaki laini, maji ya bomba.
Dawa ya meno hapana! Inakwaruza, uchafu unajificha humo.
Chini weka beseni la maji, yakiponyoka yasipasukie sakafuni.

Usiku yavue, yalale kwenye maji baridi. Fizi nazo zipumzike.

Wenye wazazi wanaovaa haya, nyumbani mnayaoshaje?